Kudoea Karamu ya Wazungu

Mwanangu wa pili ana maradhi ya karamu. Watoto wa wenzangu wana maradhi ya magari: mshahara ukiingia wanakwenda Firq kwenye magereji, wanatia vioo vyeusi na honi ya lori, na wakirudi Ibra huwezi kujua aliyemo ndani ni mtu au mbuzi. Wangu mimi gari lake bovu, mlango wa nyuma haufunguki, lakini kila likizo anapanda ndege kwenda Ulaya kutazama watu wanakula.

Sitii chumvi. Alikuwa akifanya kazi Maskati, ofisini. Nikimuuliza kazi gani hunambia, "Kwenye kompyuta, baba," kama mtu aliyeulizwa kazi yake akajibu, "Kwenye kiti." Mwisho wa wiki anakuja Ibra, anakaa na sisi ukumbini, kahawa inamiminwa, anatoa picha. Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kwisha. Picha bado zilikuwa za karatasi, unapewa bahasha nzima na lazima uzitazame zote mpaka ya mwisho, ile ya kidole chake mwenyewe.

Alipokuwa akihadithia alikuwa akisema festivali, festivali, na mara nyingine mahrajan, kwa Kiarabu. Nikamuuliza hiyo festivali kwa Kiswahili ni nini. Mtoto huyu kazaliwa Oman. Kiswahili chake cha kuokoteza jikoni kwa mama yake. Kwake mkate ni "hii", kiti ni "hii", na mimi baba yake pengine nikiwa sipo ni "hii" vilevile. Akafikiri, akasema, "Karamu."

Angesema neno jingine lolote tungepona. Karamu mie naijua. Karamu ina mwenyewe. Mwenyewe anakwita, asipokwita huendi, na ukenda bila ya kuitwa wewe ni doezi, na kwetu Unguja doezi alikuwa akiimbwa na watoto njiani mpaka anahama mtaa.

"Nani mwenye karamu?" nikamuuliza.

"Hana, baba. Mji mzima."

"Nani kakwita?"

"Hakuna. Anakwenda mtu yoyote."

"Unakula bure?"

"Unanunua."

"Basi hilo soko," nikamwambia. "Soko lenye ngoma. Umekaa ndani ya ndege saa saba kwenda sokoni."

Mama yake akacheka mpaka akakohoa. Wakati huo alikuwa bado anaziona picha.

Nitazieleza baadhi, maana mtu asije akadhani namsingizia. Kulikuwa na mji mmoja wa Spania ambako siku moja kila mwaka watu wazima, wenye wake na watoto, wanapigana kwa tungule. Tungule hizi hizi, nyanya mnazoziita wengine. Malori yanaleta tungule zilizoiva, zinamwagwa njiani, na watu wanarushiana mpaka barabara inakuwa mchuzi. Mwanangu kapigwa picha katikati, mwekundu kama mtu aliyechinjwa, anacheka. Nikamuuliza, mwisho wake nani kala? Hakuna aliyekula. Sisi mwaka tuliofika Sur kutoka Unguja, mke wangu alikuwa akitia tungule moja kwenye chungu cha watu wanane, na ile moja tukiitafuta ndani ya mchuzi kama pete iliyopotea. Nikaigeuza ile picha nikaiweka kifudifudi.

Ya pili ilikuwa Uingereza. Wanapanda juu ya kilima, kilima chenyewe kimesimama kama ukuta, wanaviringisha jibini, halafu wanaume wanalikimbilia. Hawalipati. Jibini lina mbio kuliko wao. Wanafika chini wamevunjika mikono na anayefika wa kwanza anapewa lile jibini alilolikosa. Picha hii mke wangu aliishika muda mrefu, akasema, "Maskini, hawana wa kuwakataza?"

Ya tatu siielezi sana. Mahema makubwa Ujerumani, watu wanakunywa na kuimba juu ya meza. Mwanangu aliapa kwamba alikwenda kutazama tu. Nikamwambia hata nzi huenda kutazama tu.

Na ya nne ni shamba la matope, watu elfu na elfu wamelala kwenye hema siku tatu, mvua inawanyea, wanasikiliza gitaa. Ati wanalipa. Mimi nililala hemani miaka miwili nilipokuwa dereva wa gari la maji, kampuni ikichonga barabara upande wa mji wa Adam. Mchana hema linachoma, upepo ukija linatukimbia, tunalifukuza jangwani kama hao wa jibini. Wallahi hakuna hata mmoja aliyekuja kutupigia gitaa, wala hakutoka mtu Ulaya akasema nataka na mie nilale humo.

Wala sisemi vyetu ni vya maana. Kabla ya Idi huku kwetu watu wanakusanyika kwenye soko la mbuzi, vumbi, kelele, kila mtu kavaa jambia lake na anamshika mbuzi mkia kama anayejua. Halafu tunafukia nyama shimoni kwenye moto siku mbili, tunaiita shuwa, na wanaume wazima wenye ndevu wanakaa kulizunguka shimo wakibishana kama limezibwa vizuri. Upuuzi huo. Lakini nyama ikitoka inaliwa, harushiwi mtu.

Sasa nimweleze mke wangu, maana bila yeye nisingekanyaga huko.

Mke wangu ana mdogo wake mmoja tu, mwanamke. Mama yao mmoja, baba yao mmoja, wamepishana miaka mitatu kwa umri. Baada ya mapinduzi kila mtu alishika njia yake: sisi tulikuja huku, mdogo alikwenda Uingereza na mumewe, na mama yao tukamleta baadaye, tukakaa naye Sur. Sur ndiko alikofia, kabla hatujahamia Ibra. Tukampelekea mdogo habari. Mke wangu akakaa msibani anatazama mlango. Siku ya tatu, hakuna. Arubaini, hakuna. Halafu ikaja bahasha, na ndani yake kadi imechapwa picha ya maua meupe na maneno ya Kiingereza.

"Maua," mke wangu akasema. "Mama yake kafa, ananiletea picha ya maua. Tena hayanuki."

Kule aliko ndivyo wanavyofanya, mtu akifiwa anapelekewa kadi. Na tulikuja kujua kwamba wakati ule mdogo hakuwa na pasi, makaratasi yake yalikuwa kwa wakubwa yanangojea mhuri, asingeweza kutoka hata kwa kuogelea. Nilimwambia mke wangu. Akanijibu, "Na ulimi wake nao ulikuwa kwa wakubwa?" Mdogo akapiga simu mara mbili, mara zote dada akakataa kuishika. Basi hapo pakafungwa, wakaanza kuzeeka kila mtu upande wake.

Maradhi ya sukari yalimuingia mke wangu kimyakimya. Tulidhani ni kiu. Siku moja akamimina kahawa nje ya kikombe, juu ya mkeka, akaendelea kumimina. Nikampeleka hospitali ya Nizwa, daktari akamtia dawa machoni, akamtazama kwa taa, akaniita pembeni. Ndani ya jicho kunavuja damu, akasema. Watamchoma kwa mwangaza ili wazuie, lakini kilichokwisha kwenda hakirudi, na kilichobaki nacho kitakwenda, hajui baada ya miezi mingapi.

Mimi nilitaka kumficha. Daktari alidhani "pembeni" ni hatua mbili, na mke wangu macho ndiyo mabovu, masikio yake yanasikia paka akinyata. Tulipokuwa garini, tumeshapita Firq, akasema, "Nataka nimuone mdogo wangu."

"Nitakupigia simu uzungumze naye."

"Simu ina uso? Nimesema nimuone. Sikusema nizungumze naye."

"Basi twende kwake."

"Kaniita?"

Nikageuka kumtazama.

"Siendi nyumba ya mtu ambaye hajaniita," akasema. "Nitazame njia mie au wewe unaendesha?"

Nikaendesha mpaka Ibra. Nilijua kilichokuwa ndani ya kifua chake. Kila asubuhi akiamka alikuwa akiushika mkono wake mbele ya uso, anautazama, kama anayepima unga umebaki kiasi gani ndani ya pipa. Ule mwangaza uliobaki alikuwa ameshauwekea kazi yake.

Mwanangu ndiye aliyeleta ufumbuzi, na siku hiyo nilitamani awe na maradhi ya magari kama wenzake. Alijua kwamba khalati yake, huyo mdogo wa mama yake, huko Uingereza anapika vitumbua na sambusa, na kwamba kila mwaka kiangazi kikija mji wao, mji wa pwani, unafanya festivali ya vyakula na ngoma, na yeye anaweka meza.

"Kule, mama, hakuna kualikwa," akamwambia. "Mtu yoyote anaingia."

Mke wangu akaacha kutafuna. "Yoyote?"

"Yoyote."

"Basi hiyo karamu ya kudoea ndiyo inayonifaa."

Nilipinga wiki nzima. Nasema kweli, sikupinga kwa ajili ya afya yake. Nilipinga kwa sababu nilikuwa nimeshawacheka watu wa jibini mbele ya mtaa mzima, na sasa mie mwenyewe nakwenda. Habari ilipofika kwenye sabla, barazani kwa wanaume, hawakuniacha. "Haji anakwenda Ulaya kula," mmoja akasema. "Ibra chakula kimekwisha?" Mwingine akaniagizia tungule, ati moja tu, nimletee iliyokwisha kurushwa.

Mke wangu akafunga mizigo. Halua ya Nizwa mabakuli mawili, na tende kutoka Al Qabil kwa rafiki yangu mmoja, nzito kama matofali. "Bakuli moja la mwenye karamu," akasema.

"Mama, hana mwenyewe," mwanangu akasema.

"Huendi karamuni mikono mitupu. Atatokea."

Sitaieleza safari, ndege ni ndege. Tulifika kwenye hiyo festivali asubuhi, mvua ya rasharasha, kiwanja cha majani karibu na bahari na bahari yenyewe rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Langoni wakanifunga ukanda wa karatasi mkononi, kama kuku aliyetiwa alama asipotee. Mke wangu akamnyooshea yule kijana wa langoni bakuli la halua. Kijana akafunua, akanusa, akamtazama mwanangu. Wakasemezana. Mwanangu akatafsiri: hawaruhusiwi kupokea chakula cha mtu.

"Ndani wanafanya nini?" nikamuuliza.

"Wanauza chakula."

"Na hawapokei?"

"Hawapokei, baba."

Nikalibeba bakuli langu, nikaingia kwenye karamu isiyopokea chakula.

Nimeona mambo. Watu wanakula wamesimama, wanakula wanatembea, mtu anatafuna huku anazungumza na huku anavuka njia, na mvua inaingia ndani ya sahani inamuongezea mchuzi. Mkubwa mwenye mvi kapakwa rangi usoni, kageuzwa chui. Foleni zimepinda mpaka huelewi mtu anangojea chakula au choo. Hema moja limeandikwa Hindi, jingine Uchina, na mbele lipo lililoandikwa Afrika, Afrika nzima kuanzia Misri mpaka kwa Makaburu imetiwa ndani ya kitambaa kimoja na meza mbili. Nyuma ya hilo hema ndipo walipoiona nafasi ya kuweka jukwaa la ngoma, na spika zake kila moja urefu wa mlango. Ngoma ilikuwa haipigwi masikioni, inapigwa tumboni. Halua yangu ikatikisika ndani ya bakuli.

Na kwenye hilo hema la Afrika, nyuma ya meza, kainamia chuma cha vitumbua, mwanamke mnene kafunga mtandio kichwani kwa namna ambayo nilimjua kabla hajainua uso. Ndivyo mama yao alivyokuwa akifunga.

Mke wangu kutoka pale aliona kivuli chekundu kinachoinama na kuinuka. Alinambia baadaye. Ilikuwa lazima asogee, tena sana, ndipo apate uso. Nikamshika mkono nimpeleke. Akautoa mkono wangu. Akatengeneza buibui lake, akatembea mwenyewe mpaka hatua tatu hivi kutoka mezani, akasimama, akasema:

"Hodi!"

Mwanangu akanitazama. Mie nikatazama chini.

Hapo kuna hema, kuna meza, kuna foleni ya Wazungu thelathini, na mke wangu anapiga hodi. Mtu kwao hakuingiliwi bila ya hodi, na kwa mke wangu popote alipo ndugu yake pana kizingiti, hata kama hakuna mlango. Spika zikanguruma. Yule wa mezani hakuinua uso.

"Hodi!" mara ya pili, kwa sauti zaidi.

Mzungu mmoja aliyekuwa mbele ya foleni akafikiri bibi huyu mzee ana njaa, akampisha kwa adabu, akamuonyesha kwa mkono apite. Mke wangu hakumjibu, pengine hakumuona. Mdogo wake alikuwa akivigeuza vitumbua na huku anampa mtu sahani na huku anafuta jasho kwa kiwiko.

"Hodi!"

Mara ya tatu. Akangoja. Nikamuona midomo yake inahesabu pumzi. Halafu akageuka, akarudi kwetu.

"Twendeni," akasema.

"Mama," mwanangu akasema, "hajasikia!"

"Nimepiga tatu. Sikuitikiwa. Hodi ni tatu, baada yake ni kurudi, hukufundishwa kwenye chuo cha Kurani?"

"Mama, hii ni duka! Duka haina hodi!"

"Kwako wewe duka. Kwangu mimi ni kwa mdogo wangu."

"Tumetoka Ibra, mama! Kesho kutwa tunarudi!"

"Tumetoka Ibra na tutarudi Ibra," akasema, na akakaa kwenye benchi lililorowa kama mtu aliyekwisha kufika kwake.

Nitasema na hili, ingawa si zuri. Mimi nilifurahi. Nilisema moyoni, alhamdulillahi, balaa limekwisha, tutarudi hotelini nikavue viatu, na nikifika Ibra nitawaambia watu wa sabla kwamba nimekwenda, nimeona, na ni uchafu kama nilivyosema. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyapanga. Mke wangu alikuwa kavua miwani anaifuta kwa ncha ya buibui. Akaivaa, akatazama kule kwenye hema. Akaivua tena akaifuta. Miwani ilikuwa safi.

Mara ya nne alipoifuta nikampa mwanangu bakuli la halua nikaenda kusimama kwenye foleni.

Mie sijapata kusimama foleni ya chakula maisha yangu, hata kwenye kambi ya barabara nilikuwa nikiletewa. Mbele yangu alikuwa yule chui mwenye mvi. Nikasimama nyuma yake na dishdasha langu limerowa mpaka magotini, kofia imenywea. Foleni ikasogea. Chui akapata vyake, akaondoka. Yule mwanamke bila ya kuinua uso akanambia kitu kwa Kiingereza.

"Sitaki kitumbua," nikasema kwa Kiswahili.

Akainua uso. Upawa ukabaki juu, unga unadondoka.

"Shemegi?"

"Mie."

"Shikamoo, shemegi! Umetoka wapi wewe? Umekuja na nani?"

"Marahaba. Dada yako kapiga hodi mara tatu."

"Wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa mezani pako. Sasa hivi. Hukuitika."

"Mie sikusikia!"

"Ungesikia nini na hayo mapipa yanayokunguruma nyuma yako?"

"Mara tatu?" akasema. "Zote tatu?"

"Zote tatu."

Hapo sikuhitaji mwanangu wa kutafsiri. Uso ule uliokuwa umenona na kufurahi kuniona uliporomoka. Alijua kama ninavyojua mimi kwamba dada yake asingepiga ya nne hata kama ingeanguka mbingu. Akaniuliza yuko wapi, nikamuonyesha benchi. Akanitia upawa mkononi, akafungua aproni akaninyongea shingoni, akasema, "Viangalie visiungue," akatoka mbio kwa ile miguu yake mibovu, akiwapiga Wazungu vikumbo.

Basi mimi, niliyewacheka wote, nikawa nyuma ya meza. Ngoma ilikuwa ikipiga, sikuweza kusikia hata neno moja la yaliyosemwa kwenye benchi. Niliona tu. Nilimuona mdogo anafika, anasimama, mikono hajui aiweke wapi. Nilimuona mke wangu hainuki. Halafu mdogo akakaa chini, kwenye majani yaliyorowa, mbele ya magoti ya dada yake. Mke wangu akavua miwani. Akamshika uso kwa mikono miwili, akauvuta karibu, mpaka karibu na jicho lake la kushoto ambalo ndilo lililokuwa na uhai zaidi, akautazama. Akaugeuza huku, akautazama. Akaugeuza kule. Kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mbaya. Sijui ilichukua muda gani. Najua vitumbua kumi na mbili viliungua.

Halafu nikauona mdomo wake unaanza kwenda, na haukunyamaza tena.

Foleni ilikuwa ikinitazama. Sikujua bei, wala sikujua neno lao hata moja. Nikafanya ninachokijua: nikasema karibuni, nikawagawia. Kila aliyefika nilimtilia sambusa mbili na kitumbua, nikamuonyesha majani akae, maana kula umesimama ni tabia ya punda. Wengine walikaa, wallahi. Yule chui alirudi mara tatu. Mwanangu alipokuja kunisaidia nikamwambia afungue na halua, akafungua, na wale waliokataa kupokea chakula langoni wakaja kuilamba kwa vidole. Nikawauliza kwa Kiswahili mwenye karamu sasa ni nani. Wakanichekea, meno yote nje.

Nilipoyasikia maneno ya benchi ngoma ilikuwa imepumzika. Mdogo alikuwa bado analia, na mke wangu anamwambia, "Na vitumbua vyako vya unga wa dukani."

"Nani kakwambia?"

"Nimenusa kutoka langoni. Mchele haukurowekwa."

"Dada, huku nitaupata wapi muda wa kuroweka na kusaga?"

"Ungemwambia mama hivyo? Ungemwambia mama huna muda?"

Mdogo akafuta machozi. Halafu akasema, "Ningemwambia sikuwa na pasi."

Mke wangu akavaa miwani. "Najua," akasema. "Nilijua siku nyingi. Lakini uniletee maua?"

Festivali yenyewe, mtu akiniuliza, ni takataka. Nimeiona moja na nimeziona nyingine kwenye bahasha za mwanangu, na ninasema hakuna hata moja ya kumtoa mtu kwake. Ukitaka kurowa, simama nyuma ya gari la maji. Ukitaka kula kwa kusukumana, nenda msibani kwa tajiri.

Mdogo alikuja Ibra baridi ya mwaka ule ule, safari hii kaitwa, kaitwa kwa simu mara saba kwa siku, akatukalia miezi miwili na kulalamika juu ya vumbi, maji, jirani na muadhini. Macho ya mke wangu yalikuwa yamebakiza mwangaza na kivuli tu. Kila Jumatano nikawa nawapeleka kwenye soko la wanawake, ambalo mwanamume haingii, hata mume, hata dereva. Nakaa garini nje, jua linachoma kioo, nangoja saa nzima. Walipokuwa wakitoka nilikuwa nikiwasikia kabla sijawaona, wameshikana mikono, mdogo kabeba mfuko wa vitambaa.

"Nimekwambia hii nyekundu," mdogo anasema.

"Si nyekundu. Hudhurungi."

"Nani mwenye macho hapa?"

"Nani mkubwa?"

"Wewe."

"Basi hudhurungi. Fungua mlango, huyu mzee atatuunguza na jua."